Bodaboda ‘iliyotobolewa’ ekzosi: Sauti tamu kijiweni, hasara kwenye tenki

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, vijiwe vya bodaboda Tanzania huwa na swali moja tu: lita imepanda au imeshuka?

Lakini ipo gharama nyingine ya mafuta ambayo haitangazwi na mtu. Hii inaanza siku dereva anapopeleka pikipiki kwa fundi ili “iongee”.

Mtindo wenyewe unajulikana. Ekzosi inatobolewa au inatolewa matumbo ya ndani yanayopunguza sauti. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanatoa na chujio la hewa, maarufu kama eya klina, wakiamini injini “itapumua”. Kazi haichukui hata saa nzima, na pikipiki inarudi kijiweni ikinguruma.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kabureta.

Nini kinabadilika ndani ya injini?

Pikipiki nyingi za bodaboda, zikiwemo Boxer na TVS zilizojaa mitaani, bado zinatumia kabureta. Kazi yake ni kuchanganya hewa na petroli kwa kipimo. Ili petroli iungue yote, gramu moja inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa.

Kiwandani, kabureta huwekewa jeti, yaani vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli. Ukubwa wa tundu hilo unazingatia ekzosi na chujio vilivyokuja na pikipiki.

Ukitoboa ekzosi na kuondoa chujio, hewa inaingia kwa wingi zaidi, lakini petroli inayopita kwenye jeti haiongezeki kwa kiasi kile kile. Mchanganyiko unakuwa mwepesi. Dalili zake ni hizi: pikipiki inasita ukivuta mafuta ghafla, inapiga fataki ukiachia, na injini inachemka kupita kawaida.

Dereva akiendelea kuipiga resi hivyo hivyo, akiwa na abiria na mzigo kwenye mlima, joto linapanda hadi valvu zinaungua au pistoni inatoboka. Hapo si suala la mafuta tena. Ni kufungua injini.

Fundi anaporekebisha kwa kubahatisha

Wapo mafundi wanaoona tatizo na kulishughulikia. Shida ni namna. Badala ya kununua jeti ya namba inayofuata, baadhi huchokonoa tundu la ile ya zamani kwa waya. Tofauti ya tundu la jeti moja na nyingine ni sehemu za mia za milimita, na shaba ni laini. Kwa waya hakuna anayeweza kulenga kipimo hicho.

Matokeo yake ni kinyume cha mwanzo: petroli inazidi hewa. Pikipiki haisiti tena na dereva anaondoka ameridhika. Ila sasa inatoa moshi mweusi, plagi inajaa masizi, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ringi zinaanza kulika.

Na inakula mafuta. Chukua mfano wa pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 40 kwa lita, ikashuka hadi 30. Kwa dereva anayezunguka kilomita 120 kwa siku, lita 3 zinakuwa 4. Lita ikiwa Sh3,000, hiyo ni Sh3,000 ya ziada kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh78,000, pesa inayotoka kwenye bomba kama moshi.

Anayelipa ni nani?

Hapa ndipo penye uzito wake. Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wapo wanaopeleka hesabu kwa bosi kila siku, na wapo wa mkataba, wanaolipa kidogo kidogo kwa mwaka au zaidi hadi chombo kiwe chao.

Kwa dereva wa mkataba, injini ikifa katikati ya safari hiyo, hesabu haisimami. Anadaiwa huku pikipiki iko kwa fundi. Na mwisho wa mkataba, anachokabidhiwa kinaweza kuwa chombo kilichokwisha nguvu.

Mamlaka nazo zinaitazama ekzosi zaidi kama kero ya kelele, na kweli kelele ni kosa: Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Lakini dereva anayekamatwa, akalipa faini na kurudisha ekzosi ya zamani bila kurudisha jeti, anabaki na pikipiki inayokunywa mafuta kuliko awali.

Marekebisho sahihi yakoje?

Njia rahisi ni kurudisha vyote: ekzosi, chujio na jeti za namba ya kiwandani. Kwa injini ndogo ya cc 125 au 150, kutoboa ekzosi kunaongeza sauti kuliko nguvu. Kukaa bila chujio kunaingiza vumbi kwenye silinda, na hakuna jeti inayotibu hilo.

Anayeamua kubaki na ekzosi ya wazi anahitaji fundi anayefuata hatua. Jeti ndogo inahusika pikipiki ikiwa imesimama inaunguruma na mwanzo wa kuvuta mafuta. Sindano inatawala katikati, kwenye mwendo wa kawaida wa bodaboda. Jeti kuu inashika mafuta yakivutwa mpaka mwisho. Kinabadilishwa kitu kimoja kwa wakati, kisha pikipiki inajaribiwa barabarani.

Baada ya hapo inasomwa plagi. Ikiwa ya kahawia iliyofifia, mchanganyiko uko sawa. Nyeupe ni hewa nyingi. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi. Iliyolowa oili inaashiria ringi au valvu zimechoka, na kabureta haihusiki.

Mahali nako kuna mchango. Pikipiki iliyosetiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipelekwa Mbeya kwenye karibu mita 1,700, inakuta hewa nyepesi kwa takriban asilimia 15. Jeti ile ile inakuwa kubwa mno.

Plagi inafunguliwa kwa spana moja na dakika chache. Kabla ya kulalamikia bei ya Jumatano ijayo, dereva anaweza kuanza na hiyo.