Karafuu na zinki: utafiti usiishie kisahanini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni yangu juu ya habari zinazosikika siku hizi, kwamba wataalamu wanachanganya chembechembe ndogo mno za oksidi za madini na dawa za mimea ili kuua bakteria.

Wako wanaoipokea habari hii kama muujiza, na wako wanaoicheka. Wote ningewashauri wakamwulize daktari wa meno. Kwa zaidi ya miaka 100 madaktari hao wameziba meno kwa muda kwa kukanda unga mweupe wa oksidi ya zinki na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Mchanganyiko huo huganda, hutuliza maumivu na huzuia vijidudu.

Jipya ni udogo wa unga. Chembe ya nano kwa kawaida haizidi nanomita 100, na nanomita 1 ni milimita 1 iliyogawanywa mara milioni. Unga laini namna hiyo hugusana na bakteria kila upande, hutoa zinki na oksijeni kali inayoharibu utando wake, na yujenoli nayo huulegeza utando huo huo. Linalotarajiwa ni kwamba bakteria anayepigwa kwa njia mbili atapata taabu kujenga usugu.

Haja ipo. Kwa mwaka 2019 ilikadiriwa kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu. Huku vijijini tunauona usugu ukilimwa mchana kweupe. Mtoto akiumia mguu, mzazi hununua vidonge viwili vya rangi mbili. Kimoja hukifungua akamwaga unga kidondani, cha pili hukiweka akiba.

Linalonikera ni kwamba habari nyingi za namna hii huishia kwenye kisahani cha maabara. Kuua bakteria kisahanini si kazi kubwa, hata maji yanayochemka huwaua. Kazi ni kumwua bila kumdhuru mgonjwa. Chembe za zinki zinazomharibu bakteria zaweza kuharibu na seli za mwili wetu. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza fizi, na mtoto akiyanywa yaweza kumharibu ini. Basi atakayetembeza chupa mnadani akiinadi kuwa ni "dawa ya nano", aulizwe imepimwa wapi na nani.

Karafuu tunazo. Pemba kipo kiwanda cha mafuta ya makonyo. Muhimbili ipo taasisi ya tiba asili, ambayo chanzo chake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974. Kwa nini basi tungoje wengine watuuzie karafuu yetu ndani ya tyubu? Naiomba Serikali itenge fedha hasa kwa hatua zinazofuata baada ya kisahani, yaani kupima sumu, kujaribu kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa wanaokubali chini ya uangalizi wa madaktari. Ingefaa kuanza na dawa ya kupaka vidonda, siyo ya kunywa.

Nanyi ndugu zetu waandishi, kila mnapotangaza dawa mpya, tuambieni katika mstari wa kwanza kama imejaribiwa kisahanini, kwa panya, au kwa binadamu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Handeni, Tanga.