Karandinga Linalofuata Neno "Bado"

Tangu Aprili 24, 2025, siku kesi ya uhaini ya Tundu Lissu ilipopangwa kuendeshwa kwa mtandao katika Mahakama ya Kisutu na yeye akakataa kushiriki akiwa gerezani, nchi imejaa mabingwa wa runinga za mahakamani. Huyu anaapa kwamba kioo kinaiba haki, yule anaapa kwamba kioo ndiyo maendeleo. Mei 19 Lissu akaletwa mwenyewe, watu wakamwona kizimbani, na mjadala ukazimika palepale ulipowashwa, kwa mtu mmoja mashuhuri. Huku kwetu Rungwe, ambako makarandinga hayapigwi picha na mtu, tumebaki na swali ambalo hakuna upande ulioliuliza: yule askari anayekaa nyuma ya gari na bunduki magotini anahatarisha roho yake kwa ajili ya nini hasa?

Jibu langu sitalificha mpaka mwisho. Mara nyingi ni kwa ajili ya neno moja: "Bado."

Anayebisha aende mahakama yoyote ya wilaya asubuhi ya siku ya kutajwa kesi. Mahabusu wanateremshwa wawili wawili kwa pingu, wanahesabiwa, wanaingizwa. Wakili wa Serikali anasimama: upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Kama kesi ni ya mauaji, hakimu hana hata mamlaka ya kuisikiliza. Mshtakiwa ameshaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba hatakiwi kujibu chochote. Hakimu anafungua kalenda, anataja tarehe, kwisha. Chai ya Katumba haijapoa kikombeni, watu wanapakiwa tena. Baada ya wiki mbili wanarudi kusikia lilelile.

Sasa tupige hesabu kidogo. Mahabusu akiwekwa Gereza la Ruanda mjini Mbeya na kesi yake iko Tukuyu, ni kilomita 70 hivi kwenda na nyingine 70 kurudi. Kila wiki mbili kwa mwaka mmoja ni safari 26, yaani kilomita 3,640. Askari wake amekwenda Dar es Salaam na kurudi mara mbili, na kesi haijasogea hata unyayo. Na barabara yenyewe tunaijua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kuna asubuhi ukungu wa Isongole unameza gari lililo mbele yako taa zikiwa zimewashwa, na huku malori ya Kasumulu yanayokwenda Malawi yanateremka yakinuka breki. Ndani ya karandinga watu wamefungwa pingu kwenye mabenchi, hewa ni moja, na mmoja akikohoa kifua kikuu wote wanapata mgawo, askari akiwemo. Tukisema "usalama wa askari" tunawaza majambazi wenye bunduki. Utelezi hatuuwazi kabisa.

Lakini haya, tuwawaze hao majambazi. Mtu akitaka kuvamia msafara wa mahabusu, jambo gumu kwake ni kujua utapita lini na wapi. Sisi tunamrahisishia. Tarehe inatangazwa kwa sauti, hadharani, wiki mbili kabla, mbele ya ndugu, marafiki na yeyote aliyekaa benchi la nyuma. Njia hahitaji kuuliza, maana lami ya kutoka Uyole kuja Tukuyu ni ileile moja. Askari wetu anasafiri kwa ratiba inayojulikana kuliko ya basi la Kyela.

Mei 14, 2024 nchini Ufaransa, mfungwa Mohamed Amra alikuwa akirudishwa gerezani Évreux kutoka mahakamani Rouen. Kwenye kituo cha kulipia barabara cha Incarville msafara ukavamiwa, askari wawili wa magereza wakauawa na watatu wakajeruhiwa. Amra akatoweka, akaja kukamatwa Romania Februari 2025. Ufaransa si nchi ya kukosa magari wala redio. Na askari wenzao walipogoma kwa uchungu, pamoja na kudai vifaa walidai jambo ambalo huku halisemwi: safari zipunguzwe, video itumike zaidi, na hakimu naye pale inapobidi aende gerezani.

Wapo wanaosema dawa ni askari zaidi, bunduki zaidi na magari mapya. Sawa, yanunuliwe. Wapo pia wanaosema mahabusu lazima aonwe na hakimu kwa macho, asije akawa amepigwa akafichwa nyuma ya kioo. Hoja hiyo naiheshimu. Ushahidi usikilizwe uso kwa uso, na anayetaka kuletwa aletwe; kioo kibaki kwa siku za "bado" tu. Kuhusu umeme na mtandao wa Tukuyu, nao hukatika, kweli. Daraja nalo huzolewa na maji, na bado tunalijenga.

Kinachonimaliza uvumilivu ni hiki. Kanuni za kuendesha mashauri kwa mtandao tunazo tangu 2021. Tena mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kesi isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Tukapiga makofi. Kumbe ndani yake kuna mlango: isipokuwa kwa makosa makubwa. Tazama mlango huo umemfungukia nani. Mwizi wa mkungu wa ndizi pale Kiwira, ambaye angeweza kusindikizwa na mgambo mmoja mwenye fimbo, ndiye sheria inamwambia asubiri nyumbani mpaka ushahidi upatikane. Anayetuhumiwa kwa mauaji au ujambazi wa silaha, yule ambaye askari ana kila sababu ya kumwogopa yeye na marafiki zake, ndiye tunayemzungusha barabarani kila wiki mbili kusikiliza kwamba hakuna jipya. Tumewaondolea askari safari nyepesi, tukawaachia za kifo.

Na anayesababisha safari hizo hapandi gari. Mpelelezi aliyelalia jalada haketi nyuma ya karandinga. Wakili anayeomba tarehe nyingine amekuja mahakamani kwa miguu yake na atarudi ofisini kabla ya mvua. Ucheleweshaji wao unalipwa kwa mwili wa mtu mwingine, na kwa kuwa mtu huyo ni afande anayeambiwa "nenda" akaenda, hakuna anayeona deni. Afande wengi wa Magereza nchini wamepitia mafunzo hapa hapa kwetu, Chuo cha Magereza Kiwira, kando ya Mto Kiwira. Wanafundishwa kulenga shabaha, kufunga pingu, kuhesabu watu kabla na baada. Hawafundishwi namna ya kumuuliza mheshimiwa hakimu kama leo kuna lolote la kusikilizwa kabla hawajawasha gari.

Ombi la kuahirisha lingeweza kupelekwa kwa simu saa mbili asubuhi, watu wakiwa bado ndani ya kuta, na tarehe ikaandikwa bila kutangazwa barazani. Badala yake, Jumatatu ijayo hakimu atataja tarehe yake kwa sauti, karani ataiandika, na afande mlangoni ataiandika kwenye kijitabu chake. Benchi la nyuma kuna mtu naye ataandika.