JIONI YA FAMILIA: Mario, mishumaa miwili na bibi

Mvua imenyesha vya kutosha na muhogo unasimama vizuri. Toleo lililopita tuliahidi kuandika juu ya mchezo ambao mzazi anaweza kucheza na mtoto bila kuona haya. Ahadi ni deni, basi leo tunalipa.

Majirani wamezoea kusikia kelele kwetu Jumamosi jioni. Mmoja alikuja mbio na fimbo akidhani tumevamiwa. Samahani sana, mzee wetu. Haikuwa vita, ilikuwa Mario.

Shemeji yetu aliyehamishiwa Marekani alitutumia mashine ya michezo iitwayo Wii, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja Arua. Ni mtumba. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuiuza Novemba 2006, ikauza zaidi ya milioni 100 duniani, na siku hizi haitengenezwi tena, ndiyo maana huko watu wanaitoa kwa bei ndogo. Ilifika na rimoti mbili, nyaya nyingi na diski moja tu: Super Mario Galaxy, mchezo wa mwaka 2007.

Kabla ya utamu, tuwaonye. Kama una ndugu Marekani naye anataka kukutumia kitu kama hiki, mwangalieni adapta. Ya kwetu ni ya volti 120, na umeme wa Uganda ni 240. Tulikuwa tayari kuichomeka kwenye jenereta ya kibanda cha video! Fundi mmoja wa Koboko mjini ndiye aliyetushika mkono. Aliigeuza ile adapta, akasoma maandishi madogo, akacheka. "Hii inatoa volti 12. Na betri yenu ya sola ni volti ngapi? Si hiyo hiyo 12? Sasa adapta ya nini?" Akaunga waya, akaweka kifaa cha kuzuia volti zisipande na fyuzi yake, kazi ikaisha. Wewe usijaribu mwenyewe, upande wa chanya na hasi ukigeuka umeichoma. Halafu picha ikatokea nyeupe na nyeusi, kwa sababu Wamarekani wana mfumo wao wa tivi. Hilo tulilirekebisha kwenye mipangilio ya tivi yetu.

Haya, mchezo wenyewe. Vijana wanaokwenda vibandani wanajua mpira wa pleisteshoni, unakaa, unabonyeza vidole gumba, unatukana. Huu ni tofauti. Rimoti inajua mkono wako unafanya nini. Ukiitikisa, Mario anazunguka kama pia na kumpiga adui. Ukiielekeza kwenye kioo, unaokota vipande vya nyota vinavyodondoka huku na huku. Kuna mahali Mario anapanda juu ya mpira mkubwa, hapo unasimamisha rimoti wima na kuilaza kidogo kidogo ili mpira usitumbukie shimoni. Kwingine anapanda samaki mpana, yule taa wa baharini, unapinda mkono kushoto na kulia. Kina sisi ambao bahari tumeiona kwenye kalenda tu, tulikunywa maji mengi.

Hadithi ni ya kawaida. Jitu baya limeiba ngome nzima, na binti mfalme ndani yake, limeipeleka angani. Mario anaruka kutoka sayari moja hadi nyingine akikusanya nyota. Zipo 120, na ukifika 60 unaweza kwenda kupambana na lile jitu. Sayari nyingine ni ndogo hata ukitembea hatua chache umerudi ulipoanzia, na upande wa chini unamwona anatembea miguu juu, kichwa chini. Bibi alipomwona hivyo alisema, "Huyu mutoto atatapika."

Na hapa ndipo tulipoupenda mchezo huu, kwa sababu una nafasi ya bibi. Mtu wa pili hahitaji kumkimbiza Mario. Anashika rimoti yake amekaa kwenye kiti, anaelekeza tu, anaokota vipande vya nyota, na akibonyeza A juu ya adui, adui anagandishwa mahali pake. Bibi wetu magoti hayamsaidii tena, lakini mkono wake hautetemeki. "Shika huyo, bibi, shika!" na bibi anashika. Sasa hakuna anayeruhusiwa kuanza kabla hajamaliza chai.

Jambo moja lazima tuliseme. Rimoti ina kamba ya kuvaa mkononi. Ivaeni. Kijana wetu mkubwa alidharau, rimoti ikaruka mpaka kwenye sufuria ya maharagwe. Ilipona. Maharagwe tulikula.

Mwezi wa pili panya walikula waya wa kile kijiti cheusi kinachowekwa juu ya tivi. Tukadhani mchezo umekwisha. Kumbe kile kijiti si kitu kikubwa, kinatoa tu mwanga usioonekana kwa macho, pande mbili, na rimoti ndiyo inautazama. Mshumaa nao unatoa mwanga wa namna hiyo. Tukawasha mishumaa miwili, mmoja kila upande wa tivi, na ikafanya kazi! Lakini jamani, nyumba zetu ni za nyasi. Tivi tunaitoa nje, ukutani penye udongo mtupu, na kila mshumaa unasimama ndani ya kopo lenye mchanga, pamoja na ndoo ya maji kando. Upepo ukivuma tunaahirisha.

Watoto wameuliza vitu hivi vinatengenezwa na nani, kama ni Wajapani peke yao. Tukawaambia habari za Lual Mayen. Huyu ni wa Sudan Kusini, alizaliwa wazazi wake wakiwa wanakimbia vita, akakulia kambini huku huku kaskazini mwa Uganda. Kompyuta aliiona mara ya kwanza mwaka 2007 kwenye kuandikisha wakimbizi. Mama yake aliweka akiba miaka 3 mpaka zikafika dola 300 za kumnunulia moja, wala hakumwambia. Alikuwa anatembea saa 3 kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo uitwao Salaam, ambamo unamkimbiza mkimbizi huku unamtafutia maji, chakula na dawa. Baadaye akahamia Marekani, na mwaka 2018 aliheshimiwa mbele ya dunia kwenye The Game Awards. Kijana wetu akauliza, "Yule mama alikuwa anauza nini?" Hatukuwa na jibu, lakini swali tulilipenda.

Sasa la mwisho, na hili tulijadiliana kama tuliandike.

Ndani ya Mario Galaxy kuna chumba cha vitabu. Mwanamke mmoja, Rosalina, anawasomea hadithi watoto wa nyota, na kurasa zinafunguka kidogo kidogo kadiri unavyoendelea na mchezo. Aliyeiandika ni mwongozaji wa mchezo huo, Yoshiaki Koizumi. Hadithi ni ya msichana mdogo aliyekuta mtoto wa nyota anamsubiri mama yake, wakaondoka pamoja kwenda kumtafuta. Binti yetu wa sekondari alikuwa anasoma Kiingereza na kutufasiria. Tulidhani ni ya kulalia tu. Kisha tukafika pale msichana anapolia, maana anajua kwamba mama yake mwenyewe hatarudi, amelala chini ya mti juu ya kilima.

Tuna mtoto wa ndugu anayeishi nasi, ana miaka 9. Alivuka mpaka na watu wengine, mama yake hakufika. Katika nyumba hii tulikuwa tunasema, "Mama anakuja, subiri." Tulisema hivyo miaka miwili, na sisi wakubwa tulijua ukweli tangu mwezi wa kwanza.

Binti aliacha kusoma katikati. Mtoto akasema, "Endelea." Akaendelea. Mtoto akauliza, "Wa kwangu naye amelala wapi?" Mishumaa ilikuwa bado inawaka. Bibi aliweka rimoti chini, akamwambia jina la kijiji, na kwamba kuna mwembe, na nani aliyechimba. Mtoto hakulia wakati ule, alilia usiku. Asubuhi aliuliza mwembe ule unazaa maembe makubwa au yale madogo. Madogo, bibi alimwambia, lakini matamu.

Hatusemi wengine wafanye hivyo kwa mchezo wa tivi. Tulipaswa kumwambia zamani, tukaogopa, na tunaona aibu kwa hilo.

Jumamosi ijayo tunakaribisha familia mbili, si zaidi, saa 11 jioni. Mje na betri ndogo, kila rimoti inakula mbili, na kiti kwa ajili ya mzee wenu. Mishumaa tunayo, mlinzi wake ni yule wa miaka 9 na hataki msaada. Saa 2 usiku tunazima, maana betri hiyo hiyo ndiyo inawasha taa ya watoto wa mtihani.