Kiti Kimoja na Viti Vingi



Kila baada ya miaka mitano, siku ya kura ikikaribia, mama wa nyumba hununua unga na mchele wa ziada, na mwenye duka hujiuliza afungue au afunge. Hofu hii chanzo chake ni kiti kimoja. Katika mfumo wa urais, anayeshinda hupata serikali nzima, na anayeshindwa, hata kwa mamilioni ya kura, hurudi kwake mikono mitupu. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, ambayo yaliua watu zaidi ya 1,000, hayakutulia ila kwa kugawana madaraka: 2008 waziri mkuu akawekwa kando ya rais.

Penye mfumo wa bunge, waziri mkuu ni mbunge miongoni mwa wabunge. Huketi nao, humhoji, na wakimchoka humwondoa bila kungoja muhula wake wishe. Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka 2022. Wako waitao hayo kuyumba, na wana hoja, kwani wananchi hawakuulizwa hata mara moja. Kwetu kumwondoa rais kwataka theluthi mbili za Bunge la Taifa na theluthi mbili za Seneti. Bado hajaondolewa hivyo hata mmoja.

Lakini bunge peke yake si kinga. Kenya ilipata uhuru 1963 ikiwa na waziri mkuu, na majimbo yenye mamlaka yake. Novemba 1964 chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala wa hapa kwetu pwani, kilijivunja na kujiunga na serikali. Disemba 12 mwaka huohuo waziri mkuu akawa rais, na majimbo yakapokonywa nguvu. Bunge lisilo na mpinzani kazi yake ni kupiga makofi.

Urais nao una heri yake, hasa kwetu tulio wachache. Katiba ya 2010 yamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Kura za kwao hazimtoshi; hana budi kubisha hodi kwa wengine. Na mihula yake ni miwili tu.

Basi akija mtu kuwaambia turejeshe cheo cha waziri mkuu, muulizeni: nani atamweka, na nani ataweza kumwondoa? Akijibu kwamba yote mawili ni kazi ya rais, hicho ni kigoda cha kumpoza aliyeshindwa. Kiti ni kilekile.