Mlezi wa Kambi ni Mtu wa Namna Gani?

Likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi na walimu huanza kuulizana watoto wafanye nini mpaka shule zifunguliwe. Wengi huwaita shambani, na hiyo ni kazi njema. Wengine hupenda watoto wapelekwe kambini kwa siku chache, walale katika mahema na kujifunza habari za wanyama, ndege na miti ya nchi yao. Hilo nalo ni jema. Ila mzazi huuliza habari za nauli, za chakula na za blanketi, akasahau swali lililo kubwa kuliko hayo yote: Ni nani atakayewaongoza watoto hao, naye ni mtu wa namna gani?

Ili tupate jibu, yafaa tutazame habari za mtu mmoja aliyeanza kazi hii zamani, jina lake Ernest Thompson Seton. Alizaliwa Uingereza mwaka 1860, akakulia Kanada, akawa mchoraji na mtaalamu wa habari za wanyama. Msidhani, wasomaji, ya kwamba hakujua hasara wanayoipata wafugaji. Alikwenda New Mexico, katika Marekani, kuwawinda mbwa mwitu wa huko, ambao ni wakubwa kuliko hawa wetu, nao walikuwa wakiwaua ng'ombe. Mkubwa wao aliitwa Lobo. Sumu haikumweza, wala mitego. Mwishowe Seton alimkamata jike wake na kumwua. Lobo akafuata harufu ya mwenziwe hata akanaswa. Akafungwa mnyororo, na asubuhi yake akakutwa amekufa. Hayo yalikuwa Januari 1894. Tangu hapo mwindaji huyo akaitumia kalamu yake kuwatetea wanyama.

Baadaye Seton alinunua ardhi yenye msitu huko Cos Cob, katika jimbo la Connecticut, akaizungushia ua. Wavulana wa kijiji waliozoea kupita humo walichukizwa. Wakabomoa ua, wakachafua lango lake kwa rangi. Mtu mwingine angaliwaita polisi. Yeye, mwaka 1902, alikwenda katika shule yao akawaalika waje kupiga kambi kwake mwisho wa juma. Wakaja wapatao 40. Aliwaacha wakimbie, waogelee na kula hata wakashiba. Jioni akawaketisha kuzunguka moto, akawasimulia habari za wanyama na za wenyeji wa asili wa Marekani, ambao kwao alijifunza mengi. Kisha akawaambia wachague viongozi wao wenyewe. Wakamchagua yule aliyekuwa kinara wa ukorofi! Na Seton hakumkataa.

Hapa ndipo penye fundisho letu. Wale waliokuwa wakiharibu msitu walifanywa walinzi wake. Sheria za kambi zilikataza kuwasha moto ovyo, kuwadhuru ndege waimbao na kuacha uchafu. Tena heshima za kambi hazikutolewa kwa kumshinda mwenzako, bali kwa kufikia kipimo kilichowekwa, kwa mfano kutambua idadi fulani ya miti au ndege. Kwa hiyo hata mtoto dhaifu wa mbio aliweza kusifiwa kwa macho yake makali.

Mwaka 1906 Seton alikutana London na Baden-Powell, na mwezi wa Agosti 1907 huyu naye akafanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Walikuwako wavulana ishirini na kitu, wengine wa shule za matajiri, wengine watoto wa watu wa kazi, wakachanganywa pamoja. Waligawanywa katika vikosi vinne: Fahali, Mbwa Mwitu, Kunguru na Sululu, yule ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda. Asubuhi waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala iliyotoka Afrika. Na kila kikosi kiliwekwa chini ya mvulana mmoja aliye mkubwa kidogo, akaachiwa kweli madaraka ya wenziwe.

Basi sifa za mlezi wa kambi zaonekana wazi. Kwanza, awe anaijua pori kwa miguu yake, si kwa vitabu tu. Mtoto akimwonyesha unyayo, aweze kusema ni wa paa au wa mbuzi, na asipojua, akubali kuufuata pamoja naye. Pili, awape watoto kazi yenye maana, wala asiwafanye kundi la kuchungwa kwa fimbo. Tatu, asiwadanganye. Mtoto wa mkulima aliyekesha akifukuza nguruwe mwitu katika mahindi hawezi kuambiwa ya kwamba wanyama ni uzuri mtupu. Mlezi mwenye akili humsikiliza kwanza, kama Seton alivyojua uchungu wa wenye ng'ombe, ndipo akamwonyesha faida: bundi anayekula panya wa ghalani, nyuki wanaozalisha maua ya maharagwe, msitu unaotunza chemchemi ya mto.

Katika Kenya kazi hii si ngeni. Vilabu vya Wanyamapori vilianzishwa mwaka 1968, navyo hulelewa na walimu katika shule. Mwalimu wa namna hiyo hahitaji mali nyingi. Akiwa na kamba, sufuria, dawa za kufunga jeraha na moyo wa subira, aweza kuwafundisha watoto chini ya mti mmoja mambo watakayoyakumbuka hata uzeeni.

Baden-Powell alimalizia siku zake Nyeri, akafa Januari 1941, na kaburi lake liko huko, limeuelekea Mlima Kenya. Juu ya jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati, ambayo ni alama waliyofundishwa wavulana kuiweka njiani, maana yake aliyepita hapa amekwisha kurudi nyumbani. Mtoto yeyote aliyefundishwa kusoma njia aweza kuisoma.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujalipa nauli, nenda ukamwone huyo atakayemwongoza mwanao. Muulize atawapa watoto kazi gani, na ni nani atakayelala karibu nao usiku. Muulize pia atamfanya nini yule mkorofi, maana kila kambi ina mmoja. Akijibu ya kwamba atamfukuza siku ya kwanza, fikiri tena. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunjaji naye sharti awe na mkono mwema.