Kiwanja cha Bei Nafuu Karibu na Kampala: Unafuu Huo Watoka Wapi?

Kila askari ajua kwamba nyumba ya kambini si yake. Siku atakaporudisha sare na bunduki ghalani ndiyo siku atakaporudisha na ufunguo, na mkewe na watoto watamwuliza: sasa twaenda wapi? Wengi huanza kulijibu swali hilo wakati kiinua mgongo kimekwisha kuingia benki na madalali wamekwisha kupata habari zake. Huo ni wakati mbaya wa kununua, kwani mtu mwenye fedha mkononi na asiye na pa kulala huona kila kiwanja kuwa kizuri.

Kwa sababu hiyo, leo twapenda kulichambua suala la mahali pa kununua kiwanja au nyumba kwa mtu wa mshahara wa kawaida, katika mji wetu mkuu wa Kampala na vitongoji vyake.

Hesabu ya watu ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba Kampala yenyewe ina watu wasiofika milioni 2, hali Wilaya ya Wakiso, inayouzunguka mji huo karibu pande zote, ina watu zaidi ya milioni 3. Maana yake ni wazi: maelfu ya watu hufanya kazi Kampala na kulala Wakiso. Vilima vya Kololo na Nakasero vilikuwa makao ya wakubwa tangu enzi za Mwingereza, na bei zake hazimhusu mtu wa mshahara mdogo. Kwa hiyo mnunuzi hufuata barabara zitokazo mjini: ya Bombo hadi Matugga, ya Gayaza, ya Hoima hadi Nansana na Kakiri, ya Mityana hadi Buloba, ya Masaka hadi Kyengera na Nsangi, ya Entebbe hadi Kajjansi, na ya Jinja hadi Seeta na Mukono.

Katika barabara hizo zote bei hupanda na kushuka, tena wakati mwingine viwanja viwili vilivyo umbali wa kurusha jiwe vyatofautiana bei mara mbili. Mnunuzi hufurahi akadhani amebahatika. Sisi twamshauri ajiulize kwanza: unafuu huu watoka wapi? Kwa maoni yetu hutoka mahali patatu, nako ni umbali, maji, na mashaka ya haki. La kwanza hupungua kadiri miaka inavyopita. Mawili ya mwisho huzidi.

UMBALI

Umbali ni taabu ya kweli, lakini ni taabu ya uaminifu, kwani mtu huiona kwa macho yake kabla ya kulipa. Tena umbali hubadilika. Barabara ya mchepuo wa kaskazini, kutoka Busega hadi Bweyogerere, ilipofunguliwa mwaka 2009, Naalya na Kyaliwajjala zilisogea karibu na mji bila kuhama mahali pake, na bei za ardhi zikapanda. Kira, iliyokuwa mashamba ya migomba, leo ni manispaa. Waliotangulia kununua huko wakati wengine wakicheka leo hawachekwi.

Lakini umbali nao una hesabu yake. Mtu aendaye kazini siku 25 kwa mwezi hufanya safari 600 kwa mwaka, za kwenda na kurudi. Tuchukue mfano wa nauli ya shilingi 2,000 kwa safari: katika miaka 10 atakuwa amelipa shilingi milioni 12. Fedha hizo ni sehemu ya bei ya kiwanja, ingawa hazikuandikwa katika mkataba. Polisi wa zamu ya alfajiri na aulize pia kama teksi hupita saa kumi usiku, au kama atategemea bodaboda peke yake. Askari wa jeshi, ambaye huenda akahamishiwa Karamoja au mpakani, na amfikirie mkewe kwanza: shule i wapi, maji ya kunywa ya wapi, na zahanati iko umbali gani.

MAJI

Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina bonde lake. Mvua inyeshayo juu huteremka chini, na huko chini ndiko ardhi iliko rahisi. Wakazi wa Bwaise wajua maana ya kuamka usiku na kukuta masufuria yakielea.

Na mafuriko si hatari ya peke yake. Katiba ya mwaka 1995 imeiweka ardhi oevu mikononi mwa serikali kuwa amana ya wananchi wote. Mwaka 2014 baraza la mawaziri lilikata shauri kwamba hati zilizotolewa katika ardhi hiyo kinyume cha sheria zifutwe. Mwezi Juni 2024 Mamlaka ya Taifa ya Mazingira ilibomoa nyumba nyingi katika kinamasi cha Lubigi, upande wa Nansana. Wengi wa waliobomolewa hawakuwa matajiri, bali watu waliouziwa kinamasi kwa jina la kiwanja.

Hapa twapaswa kusema neno kwa wasomaji wetu. Katika ubomoaji wa namna hiyo askari huitwa kusimama ulinzi. Amri ni amri. Lakini askari yule yule aliyesimama Lubigi huenda ana kiwanja cha namna ile ile mahali pengine, alichokinunua wakati wa kiangazi. Kukitambua si kazi ngumu. Akitazame kiwanja wakati wa masika, Machi hadi Mei, au wa vuli, Septemba hadi Novemba. Atazame kama mafunjo yameota jirani, kama udongo ni mweusi na hutoa maji ukichimbwa kidogo, kama kuta za majirani zina mstari wa tope. Na kando ya Ziwa Victoria akumbuke kwamba kanuni zaweka ukanda wa hifadhi wa meta 200 kutoka ukingoni.

MASHAKA YA HAKI

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo haionekani kwa macho. Katika sehemu kubwa ya Buganda, na Kampala na Wakiso zimo humo, ardhi moja yaweza kuwa na wenyewe wawili. Mkataba wa mwaka 1900 uliwagawia Kabaka, machifu na wakubwa wengine ardhi kwa maili za mraba, ndipo likapatikana jina la mailo. Wakulima waliokuwamo wakawa wapangaji wa vibanja, na sheria ya mwaka 1928 ikaweka mpaka wa busulu, yaani kodi waliyotakiwa kulipa. Mwaka 1975 amri ya serikali ya kijeshi iliifanya ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya 1995 ikairudisha mailo, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikawatambua wapangaji hao kuwa wakaaji halali, pamoja na wale waliokaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba bila kupingwa. Marekebisho ya mwaka 2010 yakaongeza kwamba mkaaji halali hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busulu tu.

Basi auzaye kiwanja rahisi mara nyingi huuza kibanja, wala si ardhi yenye hati. Kibanja si uongo. Ni haki inayolindwa na sheria. Lakini mnunuzi wa leo hairithi haki hiyo kwa kumlipa muuzaji peke yake. Sheria yataka mwenye kibanja ampe kwanza mwenye hati nafasi ya kukinunua. Akiuza kwa siri, ametenda kosa linaloweza kumpeleka gerezani hadi miaka 4, na haki yake katika ardhi hiyo yaweza kupotea. Mnunuzi hubaki na karatasi iliyopigwa muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Muhuri huo ni ushahidi kwamba mauzo yalishuhudiwa, lakini hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Matokeo tuliyaona Lusanja, wilayani Wakiso, mwezi Oktoba 2018, nyumba zaidi ya 100 zilipobomolewa kwa siku moja na mamia ya watu wakalala nje. Waliokuwa na karatasi walizikumbatia, lakini karatasi hazikuzuia tingatinga.

Kwa hiyo mnunuzi apate namba ya bloku na ya kiwanja, aende mwenyewe ofisi ya ardhi ya kanda, na alipe ada ya ukaguzi wa rejesta. Huko atajua jina la mwenye hati, na kama ardhi imewekwa rehani au ina zuio. Amwajiri mpima ardhi aliyesajiliwa, si yule aliyeletwa na dalali, ili ajue kama kiwanja kilichomo katika hati ndicho hicho anachokikanyaga. Kama ni kibanja, mwenye hati atie sahihi ya kukubali mauzo. Kama ni ardhi ya Kabaka, aulize Bodi ya Ardhi ya Buganda. Na kama ni makao ya familia, mke au mume wa muuzaji lazima akubali kwa maandishi, la sivyo mauzo ni batili.

VIPIMO NA MKOPO

Dalali husema futi 50 kwa 100. Eka moja ni futi za mraba 43,560, na kiwanja cha namna hiyo ni futi 5,000. Eka iliyokatwa viwanja 8 kamili imebakiza futi 3,560 tu kwa njia. Ukiambiwa viwanja ni 8 au zaidi, ama kipimo ni cha uongo, ama barabara haipo.

Kuhusu fedha, riba ya benki zetu kwa mikopo ya shilingi imezidi asilimia 15 kwa muda mrefu. Mkopo wa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 na miaka 10 hulipwa kwa takriban shilingi 360,000 kila mwezi, na mwisho wake mkopaji amelipa zaidi ya milioni 43. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, na polisi wana Exodus. Aanzaye kuweka akiba humo akiwa koplo atakopa kidogo atakapokuwa sajini.

Tangu mwaka 2007 askari wetu wamekuwa wakienda Somalia, na posho ya huko imewapa baadhi yao nafasi ya kununua ardhi. Wako waliotuma fedha kwa ndugu, wakanunua kwa simu, na waliporudi wakakuta hati ina jina la ndugu, au kiwanja kimekwisha uzwa tena. Afadhali fedha ingoje benki miezi 6 kuliko kununua ardhi ambayo mwenyewe hujaikanyaga.

Wala asijidanganye mtu kwamba sare itamtetea. Atumiaye cheo chake kuwatisha majirani wenye hati atakitetea kiwanja hadi siku atakapostaafu, na siku hiyo ndiyo atakayokihitaji.

Rahisi ghali, walisema wazee. Sisi hatusemi kila kilicho rahisi kiachwe. Askari anunue mbali, Matugga au Buloba au hata mbele zaidi, mradi ardhi iwe kavu na hati iwe na jina lake. Barabara itamfuata huko.