Moyo Ulioshindwa Haujafa

Aghalabu sisi wanafasihi huutaja moyo kama makao ya mapenzi na majonzi, tukausahau moyo wa nyama usukumao damu. Baba yangu alipoambiwa hospitalini kwamba moyo wake "umeshindwa", alisikia hukumu ya kifo, akaziacha dawa. Kumbe moyo ulikuwa ungali unapiga, ila ulisukuma damu isiyotosheleza mahitaji ya mwili.

Dalili zilikuwapo mapema: uchovu, miguu kuvimba, kuishiwa na pumzi alalapo chali hata akajitegemeza kwa mito mitatu. Sote tuliuita uzee. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Muuguzi mmoja alimfafanulia hali yake kwa Kiswahili chepesi. Akazirudia dawa, akapunguza chumvi, akawa anatembea kila jioni na kujipima uzito kila asubuhi. Kilo 2 zikiongezeka kwa siku 3, hurudi kliniki, kwani huenda hayo ni maji yaliyojikusanya mwilini. Leo analima bustani yake.

Istilahi, basi, si pambo la kamusi. Hatuna budi, wanafunzi na wahadhiri, kushirikiana na matabibu tupate neno linalomweleza mgonjwa ukweli bila kumzika angali hai. Mimi napendekeza "udhaifu wa moyo".